Manjanja ya Kijani

Nianze na ukweli, maana njia ya mwongo ni fupi: nilimwonea wivu yule jirani yangu kwa miaka mingi, na sababu ilikuwa paa lake. Wengine huoneana wivu kwa ajili ya waume, au watoto waliosoma, au gari. Mimi wivu wangu ulikuwa wa manjanja, ndivyo tunavyoyaita mabati hapa Goma. Yake yalikuwa ya kijani, yamenyooka, hayana kutu hata kidogo. Kila asubuhi nikifungua dirisha la jikoni, kitu cha kwanza kunichoma macho kilikuwa hayo.

Mtu asiyeishi Goma anaweza kucheka. Acheke. Hapa mlima unavuta moshi juu ya vichwa vyetu mchana kutwa, na mvua inapita ndani ya moshi huo kabla ya kutufikia. Ikifika chini ni chungu. Inaanza kula misumari, halafu inakula bati pembeni ya msumari, halafu siku moja umelala kitandani unaona mbingu. Mahali pengine manjanja wanarithi wajukuu. Kwetu mtoto akianza shule ya msingi na bati jipya, hamalizi nalo.

Tena paa letu si la kufunika kichwa tu. Ndilo kisima chetu. Mji umekaa juu ya makoro, mawe meusi ya volkano, huwezi kuchimba hata kaburi bila kutoa jasho la mwezi, sembuse kisima. Bomba la mji linatoa maji likitaka. Kwa hiyo mvua inapiga paa, inashuka kwenye mfereji wa bati, inaingia kwenye tanki, na hayo ndiyo maji ya kupika, kuoga na kufua. Mpangaji mwenye akili akija kutazama nyumba haulizi vyumba vingapi. Anasimama uani, anainua kichwa. Nimekwisha kuona watu wakiinua kichwa kwangu, kisha wakisema watarudi kesho, na hiyo kesho mpaka leo haijafika.

Mume wangu na mimi tulitoka Butembo. Yeye alikuwa mfanyabiashara, alinunua parseli hii, kiwanja tunachokaa mpaka leo, akajenga nyumba tatu za mbao: kubwa yetu, moja ya mbele ya kupangisha, na chumba kidogo cha nyuma. Vita ya kwanza iliyotukimbiza ilitupeleka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magodoro kichwani. Tuliporudi tulikuta majirani wengine hawana paa, watu wamevua manjanja wakaenda nayo. Ya kwetu yalisalia, Mungu anajua kwa nini. Mume wangu akapanda juu na msumari, akachora msalaba na namba kwenye kila bati, moja, mbili, tatu, mpaka la mwisho. Saba yake aliipiga mstari katikati, kama mapadri walivyomfundisha shuleni. Mimi niliiita saba yenye kamba kiunoni.

"Mwizi akikamatwa," alisema, "manjanja yenyewe itasema ni ya nani."

Mtaa mzima ulimcheka, na mimi nikiwa wa kwanza.

Yule mama, huyo jirani wa manjanja ya kijani, alikuja katika vita nyingine iliyofuata. Alikimbia kutoka Kibumba kwa miguu, na godoro la sponji, na kuku mmoja ndani ya kikapu. Watoto hakuwa nao, na mume sikuuliza, kwa sababu siku zile ukimuuliza mtu habari za mume ulikuwa unamlazimisha kulia. Nilimpa chumba kidogo cha nyuma. Hakuwa na cha kunilipa miezi ya kwanza na sikumdai. Nilimpa unga, nilimpa sufuria. Nilimpenda sana yule mama alipokuwa maskini. Huo ndio ubaya wangu, nausema mwenyewe kabla hajausema mwingine.

Nilimfundisha hata mambo ya mvua. Kule Kibumba wana ukungu na baridi, lakini kwangu alikuta tanki mara ya kwanza maishani mwake. Mvua ya kwanza ya Septemba ilipoanza kupiga, alikimbia na mabeseni, anafurahi. Nikamwita.

"Weye, ngoja! Mvua ya kwanza haiingii mu tanki. Geuza mfereji, iende inje. Hii ni ya mulima. Ya pili njo ya kwetu."

Akageuza mfereji. Maji yalitoka meusi, na vumbi la kiangazi chote, na harufu ya kiberiti. Alinitazama kwa heshima, na mimi nilijisikia mtu mkubwa.

Baadaye kidogo mume wangu alileta manjanja mapya mazito kutoka Kampala, tukavua ya zamani, tukayarundika nyuma ya choo. Yalikuwa na kutu na matundu ya misumari. Yule mama akaja, akapiga magoti kidogo kama watu wa kwao wanavyofanya wakiomba.

"Mama, ile manjanja ya kuzeeka, utanipatia?"

"Chukua yote, ufunikie kuku yako. Ikitoboka usikuje kunililia!"

Akashukuru mara tatu. Nikaingia ndani nikacheka na mume wangu.

Basi, ndugu msomaji, ona maisha. Mwaka uliofuata yule mama, ambaye alikuwa akiuza kabichi za Kibumba barabarani, alinunua parseli iliyo upande wa chini wa ua wangu. Haikuwa parseli, yalikuwa makoro matupu, mbuzi mwenyewe alikuwa anavunjika mguu humo. Hakuna aliyeitaka. Alipasua mawe kwa nyundo yeye mwenyewe, akayapanga msingi, akajenga nyumba moja ya mbao, na juu akatandika shitingi, yale maturubai ya wakimbizi. Nilikuwa nikimtazama dirishani, nikisema moyoni: pole, mama, upepo wa ziwani utaibeba hiyo wiki hii. Haukuibeba. Akajenga ya pili.

Mume wangu akafariki. Nilikwenda Butembo kwa matanga na mambo ya ukoo, nikakaa huko kiangazi kizima. Niliporudi, nikafungua dirisha la jikoni, ayiii! Shitingi hakuna. Nyumba zote mbili zina manjanja ya kijani. Nilikaa kwenye kiti. Mimi nimetoka kuzika, nyumba zangu zinaanza kuota kutu, na mkimbizi wangu anang'aa.

Nikaamua kwamba ni manjanja mapya kutoka Uganda. Nikaamua pia kwamba kuna bwana fulani anayemlipia. Hili la pili niliwaambia akina mama wa kanisani, tukitoka misa, na sikusema kwa sauti ndogo. Kwetu ugonjwa huu tunauita jaluzi, na ukikupata haukuachi hata mbele ya altare.

Miaka ikapita. Mimi sikugusa paa langu, kwa sababu aliyekuwa analigusa amekufa. Kila kiangazi yule mama alileta fundi wake, na ua wetu wa mbao ukiwa katikati niliona kichwa cha fundi tu, na ngazi, na pipa la kitu cheusi, na brashi inapanda na kushuka. Mara moja aliniona nimesimama kwenye tundu la ua.

"Mama, karibu uone!" aliniita.

"Sina muda," nikamjibu, na kutwa nzima sikuwa na kazi yoyote.

Sasa nifike kwa mkunga. Nyumba yangu ya mbele alikuwa amepanga mkunga, mwanamke mtulivu, hajaolewa, koti lake jeupe linaanikwa kwenye kamba kila Jumamosi. Alikaa kwangu miaka mingi. Mume wangu alipokuwa mgonjwa ndiye aliyemgeuza kitandani. Matanga yalipoisha na wageni wakaondoka, ndiye aliyekuwa anakuja jioni na bakuli la sombe, majani ya muhogo, tunakula bila kusema mengi. Watu husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi uzazi ulikwisha zamani, lakini huyu nisingemtukana hata kidogo. Nilikuwa namhesabu kama wangu.

Kiangazi kimoja, vita ikiwa imesogea tena upande wa Sake na mji umejaa watu waliokimbia, mkunga alikuja kuniita nione chumba chake. Kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati. Juu ya ukuta kulikuwa na mistari ya maji ya mvua ya mwisho, ya rangi ya chai.

"Mama, nimevumilia," alisema. "Lakini nataka kukwambia mapema. Ukitengeneza paa mbele ya mvua ya Septemba, nitabaki. Kama hapana, nitatafuta pengine."

"Pengine wapi?"

Macho yake yalipita dirishani yakatua ng'ambo, kwenye kijani. Nyumba ya mbele ya yule mama ilikuwa tupu tangu miezi miwili, katika mji ambamo watu walilala mashuleni na makanisani. Nilisema moyoni: kumbe! Anaiweka tupu makusudi. Anamngojea mkunga wangu.

Wapangaji wengine ningepata siku hiyohiyo, tena kumi. Sikuwataka. Nilitaka mkunga abaki, na zaidi ya hapo nilitaka asivuke ule ua. Akienda Bukavu nitalia. Akienda kwa yule, nitakufa.

Nikaita fundi. Nilikuwa nimefikiri usiku na mchana nikaona siri ya yule mama ni lile pipa jeusi. Ni mafuta ya vidanje, yale meusi yanayomwagwa kwenye injini magereji yakibadilisha mafuta. Anapaka vidanje kwanza, nikajiambia, chuma kinakunywa, halafu juu anaweka rangi. Ndiyo maana mvua haiyali. Rangi nitaweka baadaye.

Fundi alikuna kichwa. "Mama, vidanje ni dawa ya mbao. Hapana ya manjanja."

"Nani mwenye nyumba hapa?"

"Ni weye, mama."

"Basi paka."

Kuuliza si ujinga, tuliimba hivyo darasani, na mimi nilikuwa na sauti nzuri. Mtu wa kumuuliza alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, nyuma ya mbao. Ningekula makoro kwanza.

Alipaka siku mbili. Paa lilitoka jeusi, linametameta, na wiki tatu nzima za kiangazi nilitembea uani kwangu kama bibi arusi. Hata mkunga alisema linapendeza. Nilihakikisha yule mama ameliona. Alisimama kwenye lango lake, akatazama juu muda mrefu, akarudi ndani akitikisa kichwa. Nikasema: leo umeonja na wewe.

Mvua ya Septemba ikaja alasiri. Tuligeuza mfereji kama kawaida, mvua ya kwanza ikaenda nje, nyeusi tititi. Sikushangaa, ya kwanza huwa nyeusi. Ya pili tukairudisha kwenye tanki. Bomba la mji lilikuwa kavu wiki nzima, umeme ulikatwa na vita, na wanaokwenda kuchota ziwani Kituku walirudi na bidon, yale madumu ya plastiki, na mgongo unauma. Tulifurahi tanki likijaa.

Jumamosi mkunga alifua makoti yake. Nilimwona akiyatoa kwenye beseni, akayainua juu. Yalikuwa ya kijivu. Alinusa moja, akaninyooshea, na mimi nikanusa. Gereji. Nikafunua tanki, juu ya maji kulikuwa na utandu wa rangi zote, zambarau na kijani na dhahabu, unazunguka polepole. Ndani ya chumba chake, juu ya shuka, palikuwa na matone meusi, kwa sababu vidanje haizibi tundu la msumari, inapita humohumo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mama," alisema, "mimi napokea watoto. Siwezi kupokea mutoto na mikono inanuka moteri."

Hapo lango likabishwa. Ni yule mama, na bidon ya maji safi kila mkono. Aliziweka chini mbele ya mkunga, akanigeukia mimi, akapiga magoti kidogo, vilevile kama alivyofanya wakati ule nyuma ya choo.

"Mama, nimekuja kuomba ruhusa. Ile nyumba yangu ya mbele. Mwaka jana mukunga alinijia, nikamukatalia. Mwaka huu tena alinijia, nikamukatalia, lakini sikupatia mutu mwingine, kwa sababu niliona paa yako haitamufunika tena. Weye ulinipatia nyumba nikiwa sina kitu. Siwezi kukamata mutu wako bila weye kusema."

Nilimtazama mkunga, akainamisha kichwa. Kwa hiyo alikwenda. Mara mbili alikwenda, na huyu mara mbili alimfunga mlango kwa heshima yangu, na mimi miaka yote hiyo namtangaza kanisani. Unadhani nilimshukuru? Wivu wangu uliongezeka! Manjanja mazuri, na roho nzuri juu yake? Mtu mmoja apewe vyote?

"Nitakujibu," nikasema.

Nikachukua sabuni ya unga, brashi ya kufulia na ndoo, nikaegemeza ngazi. Mkunga akapiga kelele kwamba nitaanguka. Mimi ni bibi wa watu, magoti yangu yanalia nikiamka kitini, lakini siku hiyo nilipanda. Nilikuwa na shabaha moja: nisugue vidanje yote, bati kwa bati, mkunga aone, abaki. Nilisugua la kwanza mpaka mkono ukafa ganzi. Povu lilitoka jeusi na bati likabaki jeusi. Nikakaa juu ya paa langu nikalia kwa hasira.

Nilipofuta macho niliona kijani chini yangu. Parseli yake iko chini ya yangu, nimesema, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeliona paa lile kutoka dirishani tu, kwa ubavu. Kutoka juu sikuwahi. Mvua ilikuwa imepita asubuhi, na maji madogomadogo yalikuwa yamebaki kwenye mikwaruzo ya mabati, yanang'aa juani. Niliona viraka vya lami, vingi, vimepakwa rangi juu. Nikaona msalaba. Nikaona msalaba mwingine. Kando ya kila msalaba kulikuwa na namba, na moja ilikuwa saba, na saba hiyo ilikuwa na kamba kiunoni.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilihesabu mpaka kumi na tisa.

Niliposhuka yule mama alikuwa bado pale, ameshika ngazi kwa mikono yote miwili nisianguke.

"Ile manjanja," nikasema.

"Njo yenyewe, mama. Sikukuficha. Ulisema nifunikie kuku. Kuku ilikufa, nikafunikia watu."

Hapo neno lilinijia kooni: nirudishie. Naapa kwa altare, lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, na badala yake nikauliza lile nililopaswa kuuliza miaka kumi iliyopita.

"Unafanyaka nini juu isitoboke?"

Akaniambia bila kuficha. Unasugua kutu kwa changarawe ya makoro mpaka chuma kionekane. Unaziba matundu kwa lami. Rangi mara mbili, na kila kiangazi unarudia, hata kama inaonekana nzuri, hasa kama inaonekana nzuri. Misumari unabadilisha kabla haijakwambia.

"Na pipa nyeusi?"

"Vidanje. Ya mbao za chini ya paa." Akaiachia ngazi. "Na mvua ya kwanza ninamwagaka inje. Ile ulinifundisha weye."

Nikamwambia mkunga afungashe. Hakuwa na vitu vingi. Tulikata mbao mbili za ua ili tusizunguke barabarani, na yule mama alibeba meza, na mimi nikashika godoro upande mmoja na mkunga upande wa pili. Alikuwa analia kidogo, anasema atakuja jioni na sombe. Anakuja kweli, sitamsingizia. Wivu bado ninao, tena mwingi, na wa sasa hata dawa sijui.

Lakini mvua ikianza kupiga, nasikia sauti mbili. Ya kwangu inanguruma juu ya vidanje ambayo haijatoka mpaka leo. Ya pili inatoka ng'ambo, mahali mkunga wangu amelala pakavu, chini ya paa la mume wangu.